Askari Mstaafu, Ingia Kazi ya Filamu

Ndugu zangu wa Ogwedhi, katika soko hili la mpakani, panapokutana Mjaluo na Mmaasai, hawakosekani watu waliovua sare za jeshi wakiwa bado na nguvu. Tukiwaona, huwaza kazi moja tu ya kuwapa: kulinda lango la tajiri. Tunakosea. Wapo wanaofaa kazi ya filamu na televisheni.

Tazameni Marekani. Oliver Stone alipigana Vietnam, akarudi, akasomea filamu chuoni New York kwa fedha ambazo serikali iliwatengea askari. Mwaka 1986 alitoa Platoon, ikatwaa tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Kapteni Dale Dye, aliyestaafu mwaka 1984, alichukizwa na jinsi askari walivyoigizwa vibaya. Hakuishia kunung'unika. Alianzisha kampuni, akawapeleka waigizaji wa Platoon katika msitu wa Ufilipino wakaonje maisha ya askari, naye akaigiza humo. Hata kwetu, Fundi Konde aliwatumbuiza askari wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na amani iliporudi akajijengea jina katika muziki.

Jeshi humfundisha mtu kufuata saa, kutunza vifaa vya thamani, kusafirisha na kulisha kundi kubwa porini. Hayo ndiyo mahitaji ya kila siku ya watengeneza filamu. Tena majeshi yetu yaliingia Somalia mwaka 2011. Tukiwangoja wageni watusimulie vita hivyo, tutasimuliwa wapendavyo wao.

Lakini wewe mstaafu, cheo kiache kambini. Sajini huenda akaagizwa kubeba nyaya na kijana aliye rika la mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Linda pia siri za jeshi na heshima ya wenzako waliokufa.

Serikali nayo isikae kando. Chuo cha Mawasiliano cha KIMC kipo Nairobi tangu 1961. Kaunti za Migori na Narok ziwalipie karo wastaafu wachache kila mwaka, na familia zisiwacheke wanaoanza upya. Mstaafu wa Ogwedhi, usingoje kuitwa: jiandikishe, jifunze, kisha utusimulie yetu kwa sauti yako.