Ng'ombe akitupa mimba Baleni, nani ataambiwa?

Wafugaji wa Baleni, kisiwani Mafia, hulisha ng'ombe wao chini ya minazi. Ng'ombe mmoja akitupa mimba, watu huihesabu kuwa hasara ya mwenye zizi peke yake. Sisi tunasema hiyo ni habari inayotakiwa kufika Kilindoni siku hiyo hiyo, hasa mvua zikiwa zimezidi. Taifa lilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 2007.

Mwaka huo homa ya Bonde la Ufa ililipuka nchini baada ya mvua za El Nino za mwishoni mwa 2006. Kati ya Januari na Juni, watu waliodhaniwa kuugua waliripotiwa katika mikoa 10 kati ya 21 ya Tanzania Bara ya wakati ule, Dodoma ikiumia zaidi. Watu 144 walifariki. Mifugo kwa maelfu ilikufa au kutupa mimba, minada ikafungwa, na walaji wakakimbilia samaki na kuku huku wenye mabucha wakikosa wateja. Hofu yenyewe ililenga pasipostahili, kwani nyama iliyoiva vizuri haina madhara. Hatari iko kwa anayechinja, anayemzalisha ng'ombe na anayekunywa maziwa mabichi.

Kinachouma ni kwamba dalili zilikuwapo. Wataalamu waliokuwa wakifuatilia mvua kwa satelaiti walitoa tahadhari kabla wagonjwa wa Garissa, Kenya, hawajatangazwa Desemba 2006. Wafugaji nao, wakiwamo Wamasai wa Ngorongoro, walieleza baadaye kwamba walikwishaona mvua zisizo za kawaida, mbu kupita kiasi, kisha mimba zikitupwa zizi baada ya zizi. Lakini mambo yalichangamka watu walipoanza kufa. Chanjo ya mifugo wakati huo huwa imechelewa: mnyama huhitaji siku kadhaa kupata kinga, na sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi ugonjwa ukiwa umekwishaingia, yenyewe inaweza kuusambaza. Hatuwalaumu wafugaji wanaosita kuchanja mapema. Kati ya mlipuko wa 1997 na ule wa 2006 ilipita takriban miaka kumi. Nani atatoa fedha zake kila mara kwa ugonjwa asiouona?

Wapo watakaosema Mafia inalindwa na bahari. Komoro nayo imezungukwa na bahari, na mwaka huo huo wa 2007 ugonjwa ulithibitishwa huko kwa binadamu. Virusi vilikuwa vya jamii moja na vile vya Afrika Mashariki, na wataalamu wakavihusisha na mifugo hai inayosafirishwa kwa vyombo kutoka bara. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika na kuzamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, ng'ambo tu ya Mafia. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikafika kisiwani kwenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikiwa imekwishatoa tahadhari. Tunataka tahadhari ya aina hiyo imhusu bwana mifugo pia, si nahodha peke yake. Mvua zikizidi, mifugo inayovushwa kutoka Nyamisati ikaguliwe kabla ya kupakiwa, mimba zinazotupwa zichukuliwe sampuli, na zahanati ijulishwe. Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu lilizinduliwa 2018 kwa kazi kama hiyo ya kuunganisha wa mifugo na wa binadamu, ila kwa mfugaji wa Baleni kipimo chake ni kama bwana mifugo na mganga wa zahanati wanapigiana simu.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo gumu. Mfugaji anayetoa taarifa anajua kinachofuata ni karantini, hakuna kuuza wala kununua. Anayenyamaza humchinja mgonjwa usiku na kupata chochote. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mifugo itenge sehemu ya ushuru huo kwa chanjo kabla ya masika, na kumfidia yule atakayekuwa wa kwanza kusema. Madiwani wana nafasi ya kuliingiza jambo hili katika bajeti ijayo.