Kijana wa Mbulu na injini ya meli: tusidanganyane



Wiki iliyopita dogo mmoja wa jirani, kamaliza Fomu Foo, kanifuata na simu yake. Kuna "wakala" kamtumia meseji: leta laki nane utafutiwe kazi ya ufundi kwenye meli za nje, nafasi ni chache, mwisho Ijumaa. Baba yake alishaanza kutafuta mteja wa ng'ombe wawili. Nikaenda kwa mzee, nikamwamkia, nikamwambia: baba, ng'ombe wabaki zizini kwanza. Naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Siku hizi kila mkutano ni uchumi wa buluu. Mtu atacheka: Mbulu na bahari wapi na wapi? Lakini fundi wa meli kazi yake ni injini, na injini sisi tunazijua. Kule Basotu, Hanang, mafundi wamefungua matrekta na mashine za kuvunia ngano tangu enzi za mashamba ya NAFCO na Wakanada. Injini ya meli kubwa inazunguka kama mara 100 kwa dakika, ya trekta 2,000 hivi, lakini mambo ni yale yale: mafuta, hewa, mgandamizo, kupoza, kulainisha. Mtoto wa Hanang ana pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba tunauliza "nisome chuo gani?" na kuishia hapo. Swali lenyewe ni hili: nitapata wapi meli ya kujifunzia?

Mabaharia wanaongozwa na mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978. Kwa mkataba huo diploma peke yake haikufanyi ofisa wa injini. Kwa njia ya kawaida unatakiwa uwe na miezi isiyopungua 12 ya karakana na ya kuhudumu melini, na angalau miezi 6 ya zamu kwenye chumba cha injini chini ya usimamizi. Bila hiyo hupati cheti cha umahiri, na bila cheti hicho diploma inabaki kabatini.

Sasa meli ziko wapi? Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) kilianza mwaka 1978 kama kituo cha mafunzo, kwa hiyo kusomesha tunasomesha. Ila meli zetu wenyewe za kwenda nje ni chache mno. Zinabaki boti za Zanzibar, vivuko vya TEMESA na meli za maziwani. Pale Mwanza imejengwa meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ikashushwa majini Februari 2023. Kwa maoni yangu, kila meli inayojengwa kwa kodi zetu ingetengewa nafasi za wanafunzi tangu kwenye mkataba. Meli mpya ni darasa pia, tusiishie kukata utepe.

Kwa mdogo wangu uliyeko shule, fanya hivi:

1. Kazana na fizikia, hisabati na Kiingereza. Vitabu na amri za meli za nje ni Kiingereza.

2. Pima macho, rangi na masikio kabla ya kulipa ada. Wengine wanakwama hapo wakati hela imeshakwenda.

3. Kiulize chuo: wahitimu wenu wa mwaka jana wangapi walipata meli, na nani aliwatafutia? Wakizungukazunguka, jibu umelipata.

4. Ukipata nafasi ziwani au kwenye kivuko, uliza TASAC kama muda huo unahesabika kwa cheti unachokitaka.

5. Ukikosa chuo, VETA ipo. Jifunze mitambo, umeme au kuchomelea. Meli ikichelewa, trekta lipo.

6. Usimlipe wakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zake ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Basi.

Na ujue kazi hii sio ya kujaribia. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 200 walikufa. Fundi wake alitolewa hai siku mbili baadaye, alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa. Mwambie mzazi ukweli wote, sio mshahara wa dola tu.

Ijumaa imepita. Yule wakala simu hapokei tena, na ng'ombe wawili bado wanalala zizini. Dogo kaanza kushinda kwa fundi matrekta.

Wadau mliowahi kufanya kazi melini, nirekebisheni nilipokosea. Nawasilisha.