Noeli ya Rurambo: tunu za mamajusi, na habari ambayo Herode hakupewa



Noeli hii imetukuta wengi wetu mbali na nyumba zetu. Tarehe 4 Desemba 2025 marais Tshisekedi na Kagame walitia sahihi mapatano kule Washington. Siku sita baadaye wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Uvira. Watu wa bonde la Ruzizi na wa mji walikimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi upande wa Fizi, na makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Burundi, ambako wengi wamepelekwa Busuma, upande wa Ruyigi. Lakini kule juu Rurambo kukimbia hakukuanza Desemba. Kwa miaka mingi Bafuliiru, Banyindu na Banyamulenge wamechomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, na kila kabila linayahesabu makaburi yake.

Katika hali hiyo, mama ambaye kila mwaka alijitahidi kumshonea mtoto nguo ya Noeli leo anatafuta sabuni na unga wa muhogo. Je, tuseme Noeli imepita bila zawadi?

Tusome tena Mathayo sura ya 2. Biblia yetu ya Union Version inaziita zile zawadi "tunu": dhahabu, uvumba na manemane. Tumezoea kufundisha kwamba dhahabu ni ya mfalme, uvumba ni wa Mungu, na manemane ni ya maziko. Mafundisho hayo ni ya zamani sana, tunayakuta tayari kwa Irenaeus, askofu wa Lyon, katika karne ya 2. Ni mafundisho mazuri, na Yohana 19 inayasaidia, maana Nikodemo alileta manemane kaburini. Ila Mathayo mwenyewe hafafanui tunu hizo. (Hasemi hata kwamba mamajusi walikuwa watatu. Hiyo tumeiongeza sisi katika michezo ya watoto wa shule ya Jumapili.) Anachoeleza kwa urefu ni mambo mengine: mfalme mwenye hofu, watoto waliouawa, na familia inayoondoka usiku kwenda nchi ya jirani. Tunu zilitolewa katikati ya hayo.

Angalieni pia Herode aliomba nini. Aliomba habari. Aliwaambia mamajusi wachunguze vizuri, kisha warudi wamweleze mtoto yuko wapi, ili naye aje amsujudie. Maneno yake yalikuwa ya ibada kabisa. Mamajusi wakatoa tunu zao, kisha wakarudi kwao kwa njia nyingine, na Herode hakupata jibu. Kwangu mimi, kule kunyamaza kwao ni sehemu ya zawadi. Dhahabu bila kunyamaza ingemfikia mtoto pamoja na askari.

Hapa ndipo neno hili linapoligusa kanisa letu. Katika vita, mwenye bunduki naye anapenda kutoa zawadi wakati wa Noeli: magunia ya mchele, sukari, mafuta, na picha mbele ya madhabahu. Mwenye njaa akipokea hatendi dhambi, na sitamlaumu mchungaji ambaye hakuweza kukataa. Hatari iko katika kile kinachoombwa baadaye, kwa upole, kama Herode alivyoomba. Nani ameingia kijijini? Nyumba ipi imepokea wageni? Vijana wa familia fulani wameenda wapi? Kila upande unaliuliza kanisa maswali hayo, na kila upande unadhani kanisa limekwisha kujibu upande wa pili. Sisi tunaokumbuka Gatumba, Agosti 2004, wakimbizi walipouawa kambini, na Mutarule, Juni 2014, watu walipouawa wakiwa katika maombi, tunajua matokeo ya mtu kujulikana mahali alipo.

Ndiyo maana nasema zawadi kubwa ambayo Mfuliiru wa Rurambo anaweza kumpa Munyamulenge mwaka huu, au huyu kumpa yule, huenda isionekane kabisa: amemwona akipita, na hakumtaja. Hailetwi na matoleo, wala haitangazwi kwenye ibada. Mamajusi nao walikuwa wageni, watu wa taifa lingine. Mtoto wa Bethlehemu alilindwa na watu wasio wa kabila lake.

Sasa jambo la kazi, kwa mashemasi na kamati za misaada. Ndugu zetu wa mbali wanaotuma msaada wa Noeli wanataka orodha ya waliopokea: jina, kijiji, idadi ya watoto, mara nyingi na picha. Wana haki ya kujua fedha zao zimefika. Lakini orodha inayoonyesha familia ipi inamhifadhi nani ni ile ile habari aliyoitaka Herode, safari hii ikiwa imepigwa muhuri wa parokia. Tuwatumie hesabu: familia ngapi, mifuko mingapi, vipande vingapi vya sabuni, na sahihi za wazee wawili. Majina yabaki katika daftari moja, kwa mtu mmoja mwaminifu, na picha za nyuso zisitumwe kwenye simu. Mfadhili akiuliza kwa nini, asomewe Mathayo 2, mstari wa 12.