Mtoto Apewe Uwanja

Mama mmoja wa Alunguli ametuandikia kwa huzuni. Mwanawe ametimiza miezi 13 na bado hatembei, na jirani humcheka kwa kuwa mtoto wake alisimama mapema.

Mama mpendwa, usifadhaike. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza habari za watoto wazima waliochunguzwa katika nchi 5, zikiwamo Ghana na Oman. Wako waliotembea peke yao walipokuwa na miezi 8, na wengine walikaribia 18. Hata kutambaa, watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Lakini mtoto akipita miezi 18 bila kutembea, au akipoteza nguvu aliyokuwa nayo, mpeleke kituo cha afya upesi.

Sasa nami nakuuliza: mtoto huyu hushuka mgongoni saa ngapi? Asubuhi avuka Lualaba mtumbwini akiwa mgongoni, sokoni yu mgongoni, jioni afungwa mgongoni kwa dada yake. Kitenge ni chema, sote tulilelewa humo. Walakini miguu hujifunza kwa kukanyaga ardhi. Tandika mkeka kivulini, mbali na moto na kisima. Pindua kinu kizito, apate kukishika na kujiinua. Mpe sufuria tupu aisukume. Ataanguka, naye atalia kidogo. Usimkimbilie kila mara.

Na huyo dada je? Ana miaka 7. Wenzake wanacheza nzango: wawili hukabiliana, hupiga makofi, huruka, kisha kila mmoja hutupa mguu mbele, na alama hupatikana kwa mguu uliotolewa. Mchezo huo humfunza msichana kuruka, kutua na kusimama imara kwa mguu mmoja. Yeye asimama kando, mzigo mgongoni, akitikisa bega tu. Hivyo kwa kitenge kimoja watoto wawili wamefungwa.

Mpokee mdogo wake walau saa moja kabla ya jua kuchwa. Ukiwa jikoni, baba ampokee. Redio yaweza kusikilizwa hata na mtu anayemshika mtoto mikono. Na akiwa na gurudumu la baiskeli iliyokufa, asiliuze: wavulana watalikimbiza kwa kijiti hadi giza liingie, ila si kwenye mteremko wa mtoni.

Mama wa Alunguli, tuandikie tena mtoto atakapofikisha miezi 16. Tueleze pia habari za yule dada.