Bangili ya chakula ikisema salio halitoshi

Haya wasomaji, leo tuongee chakula, na msidhani nimeacha kompyuta. Mwaka 2012 Wawira Njiru alianza kupikia watoto 25 wa shule mjini Ruiru, kwenye jiko la kuungaunga. Shirika lake, Food for Education, sasa linalisha mamia ya maelfu ya wanafunzi, na sisi wa teknolojia tunalijua zaidi kwa bangili yake. Mzazi anatuma pesa kwa simu, mtoto anagusisha bangili yenye chipu kwenye kifaa, anapewa sahani. Nairobi, tangu mpango wa Dishi na County uanze 2023, mtoto analipa shilingi 5 tu.

Nausifu mfumo huu. Foleni inakwenda, hakuna sarafu za kupotea njiani, na mtoto wa mwenye duka na wa kibarua wa mananasi wote wana bangili ileile. Ila kaunti yoyote itakayouiga, ijibu swali moja kwa maandishi kabla ya kununua bangili ya kwanza: salio likiwa sifuri, mashine inafanya nini?

Mwandika programu akiachiwa mwenyewe ataandika hivi:

kama salio < bei: kataa

Mstari mmoja, na unapita majaribio yote! Sasa upeleke shuleni, mbele ya mtoto wa Kiandutu pale Thika, wenzake thelathini wako nyuma yake, na kifaa kinalia.

Wataalamu wa afya ya akili wana neno kiwewe: jambo la kutisha limepita, lakini mwili bado unaliogopa. Watoto wa miji hii wana mengi ya kuogopa. Machi 2020 shule zilifungwa na chakula cha shule kikaisha siku hiyo hiyo. Aprili 10 mwaka huo watu walikanyagana Kibera wakigombea msaada wa chakula, na polisi wakarusha vitoa machozi. Juni 2024 risasi zililia Githurai usiku. Mtoto aliyekulia katika hayo, ukimwaibisha kwenye foleni, hatamwambia mzazi aongeze salio. Hatarudi kwenye foleni. Chakula kipo, na yeye hali.

Mama mboga alishalitatua hili zamani. Mteja hana hela, anafungiwa sukuma yake, daftari linatoka chini ya meza, deni linaandikwa, na anayefuata hajui kitu. (Ndiyo, wapo wenye kibao cha "leo pesa, kesho deni". Kwa jirani wanakifumbia macho.) Huyo ni mbunifu wa mifumo kuliko wengi wetu wenye shahada.

Basi kifaa kitoe mlio uleule kwa kila mtoto. Deni limfikie mzazi kwa ujumbe wa simu jioni, bila vitisho. Mtandao ukikatika wote wale, hesabu zifanywe baadaye. Mlango wa dharura ukikosa umeme hufunguka, haujifungi. Na orodha ya wasiolipa isibandikwe ukutani wala kupewa mwalimu wa darasa. Hifadhidata ya maskini ikivuja haina kiraka.

Najua mtaniambia wazazi wajanja watatumia mwanya huo. Watakuwepo. Kwa bei ya shilingi 5, hasara yao inahesabika na kuwekwa kwenye bajeti, kama tunavyotenga fedha za diski zitakazokufa. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, mwenye mzazi mjanja naye yumo.

Ndiyo maana nataka haya yawe kwenye hati ya zabuni, pamoja na bei ya mchele na idadi ya sufuria. Yakikosekana humo, ataamua kijana mmoja aliyechoka saa nane ya usiku, na yeye kazi yake ni kufanya jaribio lipite.