Ukirudi Kujenga Modeli, Anza na Tepu, Si Dukani

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala simu mpya ya kuchambua. Leo nina hoja, na nitaitetea hadi mwisho. Baada ya miaka zaidi ya kumi bila kugusa gundi wala msasa, mwaka jana nilirudia uraibu wangu wa zamani wa kujenga modeli ndogo za magari, ndege na treni. Najua siko peke yangu. Wengi wetu tulioanza tukiwa shule ya msingi tuliacha tulipoingia sekondari, tukaenda chuo, tukaajiriwa, na sasa tuna mshahara kidogo na jioni moja mbili za kupumzika, mikono inawasha. Hoja yangu ni hii: anayerudi asipitie dukani kwanza. Aanze na tepu ya kupimia, na mashine ambayo anaweza kuifikia kwa matatu na kuigusa kwa mkono.

Kwanza tuelewane modeli ni nini. Utotoni tulijenga magari ya waya na malori ya paketi za maziwa, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizochakaa. Yalikuwa mazuri, na aliyejua kukunja usukani mrefu wa waya aliheshimika mtaa mzima. Lakini hayakuwa na skeli. Gurudumu lilikuwa kubwa kwa sababu kandambili iliyopatikana ilikuwa nene, basi. Modeli ya skeli ina ahadi ndani yake. Ukisema ni ya 1/72, sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za kitu chenyewe, na mtu yeyote mwenye rula anaweza kuja kukukosoa. Kwa sisi watu wa programu, hilo ni kama jaribio ambalo msimbo lazima ulipite.

Skeli zenyewe zina historia ya kuchekesha. 1/72 inatokana na vipimo vya Kiingereza: inchi moja kwa futi sita, yaani mtu mrefu anakuwa inchi moja. 1/48 ni robo inchi kwa futi moja. Lakini 1/35 inayotumika sana kwa vifaru haikutokana na hesabu safi hata kidogo. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipotengeneza modeli ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihitaji nafasi ya kutosha ndani kwa mota na betri. Ukubwa uliopatikana ukawa karibu na 1/35, na kampuni nyingine zikafuata. Wenzangu wanaprogramu, je, hamjaona jambo kama hilo? Mtu anaamua kitu kwa sababu ya betri, miaka 60 baadaye sote tunakifuata.

Sasa tuje dukani. Anayerudi leo anakuta seti za plastiki nzuri kuliko zile za zamani, vipulizia rangi vya kila aina, na printa za 3D za kuweka mezani. Vyote vinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo juu ya bei kuna usafirishaji na ushuru. Halafu kuna ugonjwa ambao wajenzi wa modeli duniani kote wanaujua: kununua seti nyingi kuliko mtu anavyoweza kujenga katika maisha yake. Masanduku yanapangwa kabatini, mwenyewe anajiona mjenzi, kumbe ni mkusanyaji.

Hata hivyo, pesa si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kile kilichomo ndani ya masanduku. Airfix ya Uingereza ilitoa seti yake ya kwanza ya ndege ya Spitfire mwaka 1953, na tangu hapo Spitfire imetengenezwa na kampuni nyingi kwa skeli nyingi. Kampuni hutengeneza kinachouzika Ulaya, Marekani na Japani. Biashara ni biashara, siwalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Nakuru anaweza kukutajia bunduki zote za Spitfire, na asijue injini zilizovuta mizigo nyuma ya shule yake zilikuwa na magurudumu mangapi.

Nitawapa jibu kwa injini moja. Kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi imesimama injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai. Ni ya daraja la 59 la iliyokuwa Reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kila injini ina uzito wa takriban tani 250, urefu unaokaribia mita 32, na magurudumu 28. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kupita zote kwenye reli ya upana wa mita moja. Kiwanda kilichoziunda kilifungwa mwaka 1966, na zenyewe zilikuwa zimeacha kazi kufikia mwaka 1980.

Hiyo ndiyo ninayoijenga, kwa skeli ya 1/87. Mita 32 zinakuwa takriban sentimita 37, inaenea kwenye rafu ya vitabu. Reli ya upana wa mita moja inakuwa milimita 11.5. Ukitaka kuiweka kando ya reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435, hiyo inakuwa milimita 16.5. Milimita 5 tu juu ya meza, lakini ukiziona pamoja unaelewa mara moja kwa nini treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine.

Faida ya tepu ni kwamba inakulazimisha kuelewa. Injini za aina ya Garratt zina boila iliyowekwa juu ya fremu ya katikati, na fremu hiyo imebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka kivyake kwenye kona. Maelezo hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilipolazimika kukata fremu hiyo kwa karatasi ngumu, ndipo nilipoona maana yake: chini ya boila hakuna magurudumu, kwa hiyo boila inaweza kuwa nene na tanuri lake likawa pana na la kina, huku uzito ukigawanywa juu ya magurudumu mengi ili reli nyepesi isiumie. Mhandisi alikuwa akitatua tatizo la kona na vilima. Seti ya dukani ingenipa vipande vyenye namba, nami ningeviunganisha bila kujiuliza swali hata moja.

Kuna watakaoniambia kwamba printa ya 3D imemaliza habari hii yote. Sikubali. Printa inahitaji faili, na faili inahitaji vipimo. Nani ameenda kuvipima? Mimi mwenyewe natumia OpenSCAD, programu huria ambayo unachora kwa kuandika msimbo, na mstari wa juu kabisa unasema skeli = 87. Nikibadilisha namba hiyo moja, injini nzima inabadilika ukubwa. Lakini bati la milimita 3 kwenye skeli hiyo linakuwa milimita 0.03, na printa ya mezani haiwezi kuchapa ukuta mwembamba hivyo. Hapo ni lazima mtu aamue: nini kiwe kinene kuliko ukweli, nini kiachwe kabisa. Uamuzi huo haumo kwenye mashine. Umo kwa aliyesimama mbele ya injini yenyewe na kuitazama.

Wengine watasema mtu mzima hana muda wa vitu vya watoto. Nami nauliza, kwa nini kutazama mechi mbili kila Jumamosi ni utu uzima, na kupima boila ni utoto? Kazi yangu ya mchana ni msimbo, haishikiki, na nikikosea natendua kwa vidole viwili. Karatasi iliyokatwa vibaya haitenduliwi. Mtu anayekaa mbele ya skrini saa nane anahitaji kitu kinachomlazimisha kufikiri kabla ya kukata.

Sisemi seti ni haramu. Aoshima ya Japani inatengeneza Toyota HiAce kwa skeli ya 1/24, gari ambalo urefu wake wa karibu mita 4.7 unakuwa kama sentimita 19.5. Nunua moja ukitaka, kisha nenda stejini ukapime kibebeo cha mizigo cha juu, viti 14 vinavyopangwa ndani, na upana wa ule mstari wa njano ulioagizwa na sheria zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Matatu yenye michoro ya leo itapakwa rangi nyingine kesho kutwa na kuuzwa vyuma baadaye. Asipoipima mtu leo, miaka 50 ijayo wajukuu wetu watakuwa na Spitfire kamili kwa kila skeli, na matatu zetu watazisikia kwa maneno tu.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: tepu, rula ya chuma, kisu kikali, msasa laini, gundi na karatasi ngumu ya maboksi. Waya wa shaba ulio ndani ya kebo ya mtandao ya ukutani una unene wa takriban milimita 0.5, ambao kwa 1/87 ni bomba la sentimita 4.4, na mafundi wa mtandao hutupa vipande vyake kila siku. Ukipiga picha, simamisha kijiti cha mita moja kando ya mashine ili uweze kukokotoa vile ambavyo tepu haikufika. Omba ruhusa kwanza kwa wenye mashine. Mimi nimeona kwamba watu wengi hufurahi kuulizwa. Ukifikia plastiki, fungua madirisha, maana gundi yake huyeyusha plastiki na mvuke wake ni mkali.

Basi chagua mashine moja iliyo karibu nawe: trekta, posho mill, mashua, basi la shule. Andika vipimo 10 kwenye daftari, vigawe kwa 87 au 24, chora kwenye karatasi. Ukimaliza hapo na bado mikono inawasha, ndipo utakapojua unachohitaji kununua.