Polisi watupe risiti kama ya M-Pesa

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie kituo cha polisi. Msikimbie, tarakilishi tutaikuta hukohuko.

Nikinunua nyanya za shilingi 50 na kulipa kwa M-Pesa, kabla simu haijarudi mfukoni ujumbe umeshaingia: nambari ya muamala, kiasi, tarehe, saa na dakika. Tumezoea hivyo tangu 2007. Sasa jirani yangu hapa Milimani alivunjiwa gari, tukaenda naye kuripoti. Alitoka na nambari ya OB iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikafuliwa ndani ya suruali. Aliporudi akaambiwa asubiri wakitafuta ukurasa. Alisubiri sana.

Sisemi polisi hawajaingia mtandaoni. Cheti cha tabia njema unakiomba kwenye eCitizen, unalipa, kisha unaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Vizuri. Lakini hiyo ni huduma ya mtu anayetafuta kazi. Aliyepigwa, aliyeibiwa au aliyepotelewa na mtoto anaanzia kwenye kitabu cha matukio, OB. Bila OB hupati fomu ya P3, na bila P3 iliyojazwa na daktari kesi ya kupigwa inachechemea mahakamani. Mlango ni mmoja, na ufunguo wake ni nambari iliyo kwenye kipande cha karatasi.

Mimi kama mwandishi wa programu nakiheshimu kitabu hicho, kwa kweli. Kila tukio lina nambari yake ya mfululizo na tarehe. Hufuti, unaongeza tu. Ukurasa ukichanwa, mfululizo unakatika na kila mtu anaona. Ni muundo safi kuliko hifadhidata nyingi nilizowahi kuitwa kuzitengeneza. Kasoro yake ni moja: nakala ni moja, na inakaa kwa yule ambaye kitabu kinapaswa kumchunga.

Ndiyo maana ahadi ya OB ya kidijitali, tuliyoanza kuisikia mwaka 2020 na ikarudiwa 2025, hainitoi jasho la furaha. Juni 2025 Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Central Police Station, Nairobi. IPOA ilisema mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umevurugwa. Kamera ni za kidijitali, jamani! Nakala ikiwa moja, chini ya mkono mmoja, iwe karatasi au diski, habari ni ileile.

Dawa yake tuliiona hapa Nakuru, na haikuwa ya gharama. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja (chifu si polisi, najua, lakini usiku wa manane wananchi humpigia nani?) alianza kutumia Twitter mwaka 2011. Mapema 2012 habari zake zilienea duniani: alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wako nyumbani kwa mwalimu, akaandika ujumbe, na kwa dakika chache wanakijiji walikuwa nje ya nyumba. Wezi wakatoweka. Alitangaza hata kondoo waliopotea. Na wengi hawakuwa na intaneti. Walipokea kama SMS kwenye simu za mulika mwizi.

Watu husifu kasi ya chifu yule. Mimi nasifu nakala. Ujumbe ukishaingia katika mamia ya simu, una saa yake, na hakuna anayeweza kusema kesho kwamba tukio halikuripotiwa. Kariuki alifariki 2020, mwaka uleule Twitter ilipozima huduma ya SMS katika nchi nyingi. Lakini wazo halihitaji Twitter.

Ninachotaka ni kidogo mno: afisa akishaandika OB, mfumo utume SMS kwa aliyeripoti. Nambari ya OB, kituo, saa, nambari ya kazi ya afisa. Basi. Msinijengee programu nyingine ya kupakua yenye nembo na picha ya Inspekta Jenerali.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mwanamke anayepigwa nyumbani, ambaye mume hukagua simu yake, SMS hiyo inaweza kumletea kipigo kingine. Kwa hiyo aulizwe kwanza: itumwe kwako, kwa ndugu unayemwamini, au isitumwe? Na ndani yake lisiwepo hata neno moja la kilichotokea. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, si jambo la kubuni upya.

Sisi wa Milimani tuna kuta, walinzi na makundi ya WhatsApp. Afisa akitupuuza, kuna anayemjua mkubwa wake. Mwaka 2022 wanawake kadhaa waliuawa nyumbani mwao kule Mawanga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mtu wa huko anaporipoti kwamba kuna vijana asiowaelewa wanazungukazunguka mtaani, hana mkubwa wa kumpigia. Angalau awe na SMS ya kuonyesha kwamba alisema, siku gani, saa ngapi, na nani alikuwa kaunta.